Onja Weye Kwanza

Kazi ya mwisho niliyowahi kupata ilikuwa kunywa. Siyo pombe, kwa upande huo kuna watu wenye ujuzi kunishinda. Nilikuwa ninakunywa kahawa, lile funda la kwanza, mbele ya macho ya wateja, ili waone kwamba nimemeza na bado nimesimama.

Aliyekulia huku kwetu kando ya ziwa hahitaji kuelezwa. Ukimpa mtu kitu cha kunywa, unaanza weye. Unamimina, unapiga funda, unameza, ndipo unamsogezea kikombe. Mama yetu alikuwa anafanya hivyo hata kwa maji ya padri. Hakuna anayetaja sababu, maana kuitaja ni kama kumshtaki mtu, lakini kila mmoja anajua kwamba sababu ni karuho, ile sumu isiyo na haraka. Huku kwetu kila aliyekufa bila maelezo, inasemekana alinyweshwa karuho mahali fulani, na mtu fulani, mwaka fulani. Minye mwenyewe sijawahi kuiona. Lakini pia sijawahi kunywa kwa mtu ambaye hakuonja, kwa hiyo sina ushahidi wa upande wowote.

Mimi ni mtu wa nyumba. Nilimaliza sekondari, nikapata diplome yangu, nikairudisha nyumbani, mtaa wa Songo hapa Uvira, ipumzike kidogo, na tangu siku hiyo tunapumzika wote wawili. Ninatengeneza redio na chaja za simu kwenye kibaraza cha nyumba aliyotuachia mama. Wenye redio wananifuata. Minye simfuati mtu. Watoto wa jirani wakinikuta ng'ambo ya barabara wanaulizana ni nani amekufa. Mke nilikuwa naye. Alichoka kuolewa na kiti, akaondoka, na kusema kweli sikumfuata hata hadi barabarani, maana siku ile kulikuwa na vumbi.

Kwa hiyo yaya wangu, dada yetu mkubwa, aliporudi nyumbani baada ya kufiwa na mume wake, ni kama mtu alikuwa amewasha redio ambayo minye sikuweza kuitengeneza kwa miaka yote. Asubuhi alikuwa anaimba, mchana anagombana na kuku, jioni ananisimulia soko zima, pamoja na mambo ambayo soko lenyewe lilikuwa bado halijayajua. Alinicheka kuanzia asubuhi.

"Mudogo, simama kidogo tuone kama kiti kiko na miguu yake ama kinatumia yako."

Nilikuwa ninanung'unika. Mtu anayenung'unika akiwa na mtu wa kumsikia hajui bahati aliyo nayo.

Tatizo lilikuwa Kalemie, mji wa upande wa kusini wa ziwa. Mtoto wake wa kiume yuko huko, amejenga, amezaa, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa anampigia simu. "Mama, unangoja nini huko? Kuja. Chumba kiko, wajukuu wako." Naye alikuwa anajibu, "Ngoja kwanza nione." Nilikuwa ninalisikia jibu hilo nikiwa nimeinamia tumbo la redio ya mtu, nikijifanya ninatafuta waya uliokatika. Waya ulikuwa mkononi mwangu.

Ndipo shirika moja likaja na formasio. Walitaka wafanyabiashara wadogo, wale wa meza moja na mwavuli, wajifunze kutengeneza kahawa iliyochanganywa na majani na viungo, waifunge kwenye vipakiti vya saché, waiuze. Yaya alikuwa anauza tangawizi na mchaichai sokoni, akaandikishwa. Alirudi nyumbani siku hiyo, akaweka kapu chini, hakunicheka. Hapo nikajua ni jambo kubwa.

"Mudogo, sikiliza. Kwa mutoto siendi kama mutu wa kuomba chakula. Hii kahawa ikisimama, nitabaki hapa kwa mama yetu, nitakuwa na kazi yangu. Isiposimama, nitapanda meli ku bandari ya Kalundu, nimalizie uzee kwa kupangusa wajukuu makamasi. Na weye utabaki unapangusa hizo redio."

"Itasimama," nikasema.

"Unajua nini juu ya kusimama, weye?"

Mafunzo yalikuwa kwenye ukumbi wa parokia, na karatasi zake zilikuwa kwa Kifaransa. Yaya akaamua niende naye, nimsomee, ili diplome yangu ipate hewa kidogo. Nikaenda. Hilo tu lingetosha kuonyesha jinsi nilivyoogopa.

Mwalimu alikuwa kijana kutoka Bukavu, mwenye viatu vya ncha na moyo mzuri. Alitufundisha kuchagua punje moja moja, kukaanga polepole kwenye moto mdogo wa mbabula, jiko letu la makaa, badala ya kuziunguza kama tulivyozoea, kutwanga, kuchekecha, kukausha majani kivulini yasipoteze harufu. Kahawa ilitoka kwa mama mmoja wa Lubarika. Tangawizi alileta mama wa Nyakabere, mtu mzima mwenye mwili mwembamba na ulimi mnene, aliyekaa mstari wa mbele mikono imekunjwa kifuani kama mtu aliyekuja kumsikiliza mkwe anayejitetea.

"Tunaongeza thamani," alisema yule kijana. "Kahawa peke yake ni kahawa. Kahawa na majani yetu ya kienyeji ni bidhaa."

"Thamani tutaongeza," akasema mama wa Nyakabere. "Na watu ba kuinunua tutabaongeza wapi?"

Kijana akacheka, akaandika neno ubaoni.

Siku ya kuonja ndiyo siku niliyopaswa kuelewa kila kitu, kama ningekuwa mtu wa kuelewa mapema. Alipanga vikombe mezani, kila kimoja na mchanganyiko wake: wa tangawizi, wa mchaichai, na wa muravumba, yale majani machungu ya uani ambayo mama alikuwa anatubana pua na kutunywesha tukiwa na homa. Alimimina maji ya moto, akangoja, akachukua kijiko, akainama. Akavuta kwa sauti kama bata kwenye tope. Akafumba macho, akaizungusha kahawa shavu hili na lile. Sisi sote tukasogea mbele, tumefurahi, maana hatimaye kijana wa watu alikuwa ameonyesha malezi: anaonja kwanza.

Halafu akageuka, akaitema kwenye ndoo.

Nilisikia mbuzi wa padri akila karatasi nje.

"Haya, na ninyi," akasema, akitupa vijiko.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Weye kijana," akasema mama wa Nyakabere, polepole, "umetema."

"Ndiyo mama. Waonjaji wa kazi wote wanatema. Ni teknike."

"Weye uliyeipika unatema, na minye niliyekuja kwa miguu nimeze?"

"Mama, mwonjaji anaonja vikombe vingi kwa siku. Akimeza vyote, moyo utamkimbia."

"Kumbe unajua inafanya mutu nini."

Alijitetea, akaeleza, akatokwa jasho, mwishowe akaelewa kwamba hakuna njia nyingine. Akanywa. Kikombe kimoja kimoja, meza nzima, akimeza na kufungua mdomo tuuone. Ndipo na sisi tukanywa. Mchana ule alikuwa anaandika ubaoni herufi zinazotembea kama siafu, na alipouliza kama kuna swali alikuwa amekwisha kulijibu.

Katika ukumbi mzima aliyeipenda ile teknike ni mtu mmoja tu, yaya wangu. Alikuwa na sababu. Ana ugonjwa wa tension, shinikizo la damu, na muuguzi wa santé, kituo cha afya cha mtaa wetu, alishamkataza chumvi, hasira na kahawa. Chumvi aliipunguza. Hasira alisema atafikiria. Kahawa sasa alikuwa amepata njia ya kuipitia pembeni.

Akawa anafanya mazoezi uani. Anavuta, anafumba macho, anazungusha, anatema juu ya ukuta hadi kwenye mihogo ya jirani.

"Angalia, mudogo. Tangawizi nimeisikia. Moshi nimeusikia. Na moyo wangu haukusikia kitu."

Alikuwa mwanafunzi bora, nasema bila upendeleo. Alijua punje iliyoungua kwa harufu kabla haijabadilika rangi. Mchanganyiko wake ulikuwa wa tangawizi na mchaichai, na muravumba kidogo tu mwishoni, uchungu mfupi unaokuja kukuaga. Kijana wa Bukavu alipouonja alisahau kutema.

Ikabaki etiketi ya kubandika kwenye saché. Mwalimu alisema tuandike kwa lugha ya watu wetu. Kwenye karatasi zake iliandikwa kwa Kifaransa "mimea ya dawa", na pale ukumbini neno hilo lilikuwa linanukia vizuri, linanukia shule na hospitali. Kila mtu akakubali. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, mwandiko ambao ulikuwa haujatumika tangu mitihani, nikapewa kalamu nene, nikaandika kwa herufi kubwa: KAHAWA IKO NA DAWA. Wakanipigia makofi. Hata mama wa Nyakabere alipiga, ingawa alipiga kama mtu anayeua mbu.

Siku ya kwanza sokoni yaya alipanga saché zake mezani, termosi pembeni, vikombe vimeng'aa, sertifika yake ya mafunzo ndani ya plastiki imefungwa kwenye mti wa mwavuli. Minye nilikuwa nimekaa nyuma ya meza kwenye bidon la maji, nikimsindikiza, maana alikuwa na wasiwasi na minye nilikuwa nao kumzidi. Akaja mama mmoja na kapu la dagaa. Akainama, akasoma kwa sauti, neno moja moja.

"Kahawa. Iko. Na. Dawa."

Akajinyoosha. "Nani ameweka?"

"Ni minye, mama," yaya akajibu kwa furaha. "Nimeweka kwa mikono yangu."

Yule mama aliondoka bila kugeuka, akilikumbatia kapu lake kama mtoto.

Tulitazamana. Unajua, kuna wakati neno linasimama mbele yako limevaa nguo nyingine na unashangaa ulikuwa umeliona vipi mwanzoni. Hospitali wanakupa dawa, unashukuru. Lakini chai ikiwa "iko na dawa", hiyo ni chai ambayo mtu ametia mkono. Hata mtoto wa Songo anajua. Sisi watu wazima wote, na mwalimu wetu, na diplome yangu, tulikaa ndani ya ukumbi tukaandika kwenye saché ya kahawa kwamba ndani kuna sumu, tukapiga makofi.

Tulizing'oa etiketi jioni ile, nikaandika nyingine: KAHAWA YA VIUNGO. Lakini habari ilikuwa imetutangulia kwa pikipiki. Tangu siku hiyo hakuna aliyepita bila kuuliza, "Ndiyo hii ile iko na dawa?" Na waliokubali kukaa walikuwa na sharti moja.

"Onja weye kwanza."

Siyo mara moja kwa termosi nzima, hapana. Kila kikombe. Aliyekuja wa pili hakumwona wa kwanza akionjewa, naye alikuwa na haki yake. Yaya alijaribu asubuhi moja, akameza vichache, na kufika saa ya jua kali ameshika meza kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi. Nikamvuta pembeni.

"Kaa. Nitaonja minye."

"Weye? Sokoni? Kila siku?"

"Kila siku."

Akacheka hadi machozi. "Bon. Mungu ameniletea muonjaji. Siwezi kumuuliza kwa nini alichagua huyu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Kila asubuhi nilikuwa ninabeba termosi kutoka Songo hadi sokoni, nikiwasalimia watu ambao walikuwa wanadhani nimekufa. Wateja wetu wakubwa walikuwa vijana wa mototaxi wanaoegesha karibu na pale, na kwao nilikuwa sinema.

"Papa, meza tuone."

Ninameza.

"Fungua mudomo."

Ninafungua, kama anayepokea komunyo.

"Sema kitu."

"Lipa kahawa ya mutu."

"Iko mzima! Mama, unipatie na minye!"

Na waliirudia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: waliirudia. Kahawa ilikuwa nzuri. Mmoja alisema inamtoa vumbi la barabara ya tambarare kooni, mwingine alisema inamkumbusha mama yake. Yaya akaanza kuagiza punje Lubarika kwa gunia badala ya kapu. Jumapili mtoto alipopiga simu alimwambia, "Bado niko na kazi, mwanangu. Wateja hawaniachi," na alisema kwa sauti ya juu makusudi, ili nyumba nzima isikie, na nyumba nzima nilikuwa minye. Nikarudi kwenye redio yangu nikapata waya uliokatika kweli.

Asiyejua anadhani kunywa si kazi. Tumbo langu lilikuwa limezoea ugali na kutosumbuliwa. Baada ya wiki kadhaa lilianza kuwaka, kwanza kama kiberiti, baadaye kama mbabula yenyewe. Usingizi ulinihama. Mikono ilikuwa inatetemeka hadi nikaunganisha spika ya mtu kwenye betri moja kwa moja ikafa. Ningesema nini? Kwamba kitu kinachomweka yaya nyumbani kinanitoboa? Niliona ni bei ya haki.

Lakini asubuhi moja nilishindwa kuinuka. Nilikuwa nimejikunja kitandani kama duduwasha. Yaya alisimama mlangoni, kitenge kimefungwa, termosi mkononi.

"Lala. Leo nitaenda peke yangu."

"Na kuonja?"

"Nitaonja mwenyewe."

"Na tension yako?"

Akatabasamu. "Minye niko na teknike."

Nilipaswa kuruka kutoka kitandani. Niliwaza jambo moja tu, kwamba ni vizuri moyo wake hautasumbuka, nikavuta shuka.

Alirudi kabla ya jua kufika katikati. Nilisikia geti, halafu sikusikia kitu, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kuingia nyumbani bila kelele. Nilimkuta uani amekaa juu ya kinu, termosi kati ya miguu, imejaa.

"Nini?" nikauliza.

"Nilitema vizuri, mudogo," akasema. "Hata ule kijana wa Bukavu angenipigia makofi."

Alinisimulia bila kuinua macho. Alikuja mama mmoja wa kanisa, aliyevaa vizuri, mwenye kutafuta kahawa ya sherehe ya kanisa lao, watu wengi, termosi kwa termosi. Ndiyo mteja tuliyekuwa tunamwomba kwa Mungu. Alisoma sertifika yote. Alinusa saché. Akasema kwa adabu, "Mama, onja weye kwanza." Vijana wa mototaxi walikuwa pale wote, wamekaa juu ya pikipiki zao. Yaya akamimina. Akavuta kwa sauti ya bata. Akafumba macho, akazungusha shavu hili na lile, kama mwanafunzi bora alivyofundishwa. Akageuka, akatema chini.

Alipofungua macho vijana walikuwa wamesimama.

"Nikabaambia ni teknike. Bakasema, teknike gani? Kila siku ndugu yako anameza. Leo ndugu yako iko wapi?"

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Nikasema ukweli." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Nikasema iko nyumbani, anaumwa na tumbo."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, huku nimejishika tumbo kwa mikono miwili, na yeye akanitazama kwanza kwa hasira, halafu na yeye akaanza, tukacheka pale penye kinu hadi jirani akachungulia juu ya ukuta kuona ni nani amepata habari njema. Hatukucheka tena kwa siku nyingi.

Nilijaribu kurekebisha. Nilikwenda sokoni nikiwa nimenyooka kadiri nilivyoweza, nikasimama mbele ya meza, nikanywa. Kikombe baada ya kikombe, nikafungua mdomo bila kuombwa. Watu walipita mbali kidogo na kawaida, wakinisalimia kwa upole, upole ule wa kumsalimia mgonjwa. Mmoja wa wale vijana wa mototaxi, aliyekuwa ananipenda kweli, alikuja akanishika bega.

"Papa, acha kujichosha. Tunakuona uko mzima. Lakini ile kitu haina haraka. Mwaka kesho tukikukuta bado uko, tutakunywa."

Angekuwa mwanangu, ningemfundisha hivyo hivyo.

Yaya alimpigia simu mwalimu. Alikuwa amekwisha kurudi Bukavu, na barabara ilikuwa haipitiki kwa mambo ya usalama, na projé ilikuwa imefungwa. Sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Pole sana, mama. Lakini mjue, kwenye rapport ya mradi tumeandika kwamba kikundi cha Uvira kimefaulu." Yaya akamshukuru. Alikata simu, akaitazama. "Tumefaulu, mudogo," akaniambia, akaenda kuwafukuza kuku waliokuwa hawajakosa kitu.

Wenzake wa formasio waliacha mmoja mmoja. Ilitosha mmoja ateme. Mate yale yalifika hadi kwenye meza zote. Mama wa Nyakabere alirudi kuuza tangawizi yake mbichi, yenye udongo, ambayo mnunuzi anaimenya mwenyewe na hakuna wa kumwonjea.

Jumapili iliyofuata simu ilipolia sikuwa hata nimeshika redio. Nilikaa tu. Nilisikia sauti ya mtoto kwa mbali, "Mama, unangoja nini?" Safari hii yaya hakusema ngoja nione.

"Meli inatoka lini?" akauliza.

Nilimsindikiza hadi Kalundu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa nimefika bandarini. Lazima ilikuwa mama bado yuko hai. Alikuwa na mizigo miwili, kuku mmoja aliyebaki, ambaye alikuwa amekataa kumsamehe, na ile termosi. Watu walikuwa wengi, wenye magodoro, wenye bidon, wengi wao walikuwa wanaondoka kwa sababu nzito kuliko kahawa, na niliona aibu kidogo kwa huzuni yangu ndogo iliyojibana katikati ya zao.

Tulikaa juu ya mzigo. Akafungua termosi, akamimina kikombe. Ile harufu, mchaichai na moshi, na ule uchungu nyuma yake.

"Ya mwisho," akasema. "Niliipika asubuhi."

Nikanyoosha mkono. Akausogeza kikombe pembeni, akakipeleka mdomoni kwake.

"Yaya, acha. Tension. Minye sikuombi uonje."

"Nyamaza. Watu wanatuangalia."

Akapiga funda kubwa. Halikuzunguka shavu lolote. Nililiona koo lake likipanda na kushuka. Akafungua mdomo wazi, akaugeuza kwanza kwa mama mmoja mwenye godoro, halafu kwa vijana wapakizi, halafu kwa askari wa bandari, ili wote waone kwamba amemeza. Nikawatazama na minye. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatuangalia. Kila mtu alikuwa na mzigo wake machoni.

Akanipa kikombe. Nikanywa iliyobaki. Akafunga termosi, akaniambia nikirudi nisisahau kumfungia kuku, halafu akakumbuka kwamba kuku anaondoka naye, akaniita mujinga, akapanda.

Amefika salama. Ananipigia Jumapili baada ya misa. Anasema wajukuu wana adabu, chumba kina dirisha, na kwamba mkwe wake anapika chai na haruhusu mtu mwingine kugusa mbabula. Sertifika ameibandika ukutani na wajukuu wameichora bata. Ananiuliza, "Mudogo, bado umekaa?" Ninamwambia nimekaa. Halafu wote wawili tunasikiliza mtandao unavyokwaruza.

Saché zilizobaki ziko chini ya kitanda cha mama. Nyumba nzima inanukia kahawa. Hata nguo zangu, hata redio za watu. Wenye redio wanaziangalia mara mbili kabla ya kuzichukua.

Juzi mama wa Nyakabere alipita kuniletea redio yake, ile ya kusikilizia misa, imekwama kwenye stesheni ya ng'ambo. Alikaa kwenye kiti cha yaya bila kuuliza. Sikuwa nimekaribisha mtu tangu Kalundu. Nikapasha maji, nikachekecha kidogo kutoka kwenye saché moja, nikamimina vikombe viwili. Nikachukua chake, nikapiga funda, nikameza, nikafungua mdomo, nikamsogezea.

Akakipokea. Akakinusa kwa muda mrefu, amefumba macho, na nikaona kwamba anaikumbuka.

"Ilikuwa kahawa nzuri, hii," akasema.

"Ilikuwa nzuri."

Akakiweka kikombe chini, taratibu, juu ya meza, akakunja mikono kifuani.

"Minye nitangoja kidogo," akasema. "Siyo kwa ubaya, papa."

"Hapana," nikamwambia. "Siyo kwa ubaya."

Tukakaa pale kwenye kibaraza, kahawa inapoa katikati yetu, tunangoja tuone kama nitakufa.